Lesi Chini ya Mikono ya Chiriku

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaani kote anajulikana kwa jina la Pima Tena. Hajalichukia. Ukimpelekea kitambaa atakupima kifua, kiuno na urefu wa mkono, ataandika, kisha atakukazia macho na kusema, "Hebu simama vizuri, nipime tena." Wateja wapya hukunja uso. Wa zamani husimama tu wima, maana wanajua nguo ikitoka kwake hairudi kurekebishwa.

Mimi ni dada wa mume wake. Tunapakana ukuta, na dirisha la jikoni kwangu linatazamana na chumba cha nyuma cha duka lake. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniita mmbea. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa naosha vyombo, dirisha liko mbele yangu, na macho ninayo.

Basi alasiri moja nikaona mwanga wa buluu ukicheza ukutani mle chumbani, na nikasikia sauti ya mwanamume. "Kata hapo. Hapo hapo. Sasa vuta, uunganishe na hicho cha kwanza." Nikatega sikio nisikie cherehani. Kimya. Sasa jamani, watu wanakata na kuunga nini bila cherehani? Nilivumilia sahani mbili tatu, kisha nikachukua kikombe kitupu nikaenda kuomba chumvi.

"Chumvi yako imeisha tena?" wifi aliniuliza bila kugeuka. "Wiki hii umeomba chumvi ya kutosha mtaa mzima."

Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta. Siyo ile ya kubeba begani, ni kompyuta ya mezani hasa, yenye kasha kubwa lililowekwa sakafuni kati ya marobota ya vitambaa, likikoroma kwa feni yake. Mteja wake mmoja mwenye duka la kuchapisha alikuwa akihama, hakutaka kuhangaika nayo, akamwachia. Pembeni alisimama bwana mmoja mpiga video wa harusi, ambaye sote tunamwita Kamera. Na kwenye skrini alikuwa Chiriku, binti wa wifi na kaka yangu, mdomo wazi, mikono imeganda hewani.

Hapa lazima nieleze kidogo. Chiriku ni kiziwi tangu akiwa mchanga, baada ya homa kali iliyotutoa jasho sote. Tukampa jina hilo kwa sababu mikono yake haitulii. Anaongea kwa vidole, kwa nyusi, kwa mabega, na usipomtazama anakugonga bega ili umalizie kumsikiliza. Amesoma shule ya viziwi mbali na nyumbani tangu utoto, na wakati ninaousimulia alikuwa anamalizia chuo cha useremala huko huko.

Domo hilo amelirithi kwa baba yake. Kaka yangu ni kinyozi, na jina lake la mtaani ni Redio. Anafungua kibanda na kufungua mdomo kwa wakati mmoja. Ukikaa kwenye kiti chake hakuangalii wewe, anaiangalia sura yako kwenye kioo na kuisimulia habari zote za mji, na sura hiyo ikithubutu kujibu anaikata kauli. Mtu kama huyo, Mungu akampa mtoto asiyesikia. Akawa anamsemesha kwa sauti ya juu, kana kwamba mtoto yuko ng'ambo ya barabara. Anampenda mno, msinielewe vibaya. Ila mtoto akiinua mikono tu, kaka anamgeukia mkewe: "Anasemaje?" Na wifi anatafsiri. Miaka yote, mezani, mlangoni, hospitalini, ni hivyo hivyo. Nilimgombeza mara nyingi ajifunze ishara. "Dada, mikono yangu inajua mkasi," alinijibu. "Nikiiinua najiona kama nafukuza nzi."

Turudi mle chumbani. Kamera aliaga, nami nikakaa juu ya robota bila kukaribishwa.

"Haya, sema," nikamwambia wifi. "Mnamfanya nini mtoto?"

Akabonyeza kitu, Chiriku akaanza kutembeza mikono, na wifi akanitafsiria huku sauti ikimpungua. "Karakana aliyofanyia mazoezi inamtaka abaki, wamempa kazi. Wanataka jibu likizo hii. Anasema kazi anaipenda, lakini angependa zaidi kurudi afungue karakana yake hapa. Sasa anasema... nyumbani anaongea na mimi tu. Nikiwa dukani, anaongea na ukuta. Anauliza, akirudi, ni nani mwingine ataongea naye?"

Mimi mwenyewe ishara ninazojua ni za chakula na za kugombeza.

"Kaka ameiona?"

"Ataonaje? Ataniuliza anasemaje, nami nitamwambia, naye atanisikia mimi. Wifi, nimekuwa mdomo wa huyu na sikio la yule mpaka nimechoka. Safari hii nataka amsikie mwanawe mwenyewe." Akaigonga skrini kwa kidole chenye kastabini. "Si unaona kwenye televisheni maneno yanapita chini? Kuna mtu anayaweka. Kwa nini nisiwe mimi?"

Mtu mwingine angeliacha wazo hilo pale pale. Pima Tena aliligeuza kila upande kama kitambaa cha mteja mgumu. Hata kabla sijaja na kikombe changu, alikuwa ameshamwuliza Kamera anatumia programu gani kuhariri zile video zake, akaambiwa ni ya kulipia, ya watu wa kazi. Akauliza, hakuna za bure? Zipo, akaambiwa, tena nyingi, ila bure zenyewe hazifanani. Ya kwanza waliyopakua ilikuwa na sura nzuri na vitufe vya rangi rangi. Wifi akahangaika nayo siku kadhaa, na video ilipotoka ikawa imepigwa nembo kubwa katikati, juu ya mikono yenyewe ya Chiriku. Ukitaka nembo iondoke, lipa. "Hii siyo bure," wifi alisema, "huku ni kukushonea gauni, halafu linaandikwa jina la fundi kifuani." Ya pili haikuwa na nembo, lakini ilikuwa nzito kuliko ile kompyuta, ilifunguka nusu, feni ikapiga kelele kama inataka kuruka, kila kitu kikaganda. Ya tatu ndiyo iliyotulia. Haina urembo. Vitufe vyake vya kijivu, maelezo makavu, lakini haikudai kitu, na mashine ikaweza kuibeba.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyoninyima raha. Mimi nikisikia neno bure huwa naangalia nyuma yangu. Nilimwambia wifi anifungulie ukurasa wake tuone ni ya nani. Tukakuta haina mwenyewe mmoja. Imeandikwa kwamba inatengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana, na kwamba yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichungulia ndani na hata kuirekebisha.

"Kuichungulia ndani?" nikauliza. "Yaani hata mimi?"

"Wewe hasa. Labda walikufikiria."

"Na wao wanapata nini?"

"Sijui. Labda mmoja wao alitaka kumwonyesha mtu kitu, akakosa pa kukishonea."

Jibu hilo halikunitosha, wala mpaka leo halijanitosha. Lakini tangu siku ile nilikuwa naenda kila alasiri, na chumvi sikuitaja tena. Nilitaka kujua kila kitufe kinafanya nini. Wifi naye, kwa kuwa majina ya mle ndani hayakumkaa kichwani, aliyabatiza upya. Ile sehemu ya chini ambako vipande vya video hupangwa kimoja baada ya kingine aliiita meza ya kukatia. Kupunguza kipande mwanzo na mwisho aliita kupunguza pindo. Mahali kipande kimoja kinapofifia na kingine kuingia taratibu ni mshono wa ndani, usioonekana. Na yale maneno ya chini, aliyokuwa akiyaandika kwa vidole viwili, akiyasogeza mbele na nyuma mpaka yatokee sawasawa na mikono ya mtoto, aliyaita lesi.

"Lesi ikitangulia nguo imeharibika," alisema. "Ikichelewa pia imeharibika." Akakichezesha tena kipande kile kile, akapima, akapima tena.

Alianza na video fupi za zamani, alizokuwa akitumiwa kutoka shuleni, akazitoa kwenye simu yake ambayo ilikuwa ikikata roho. Chiriku mdogo ana pengo. Chiriku bwenini na shuka kichwani. Jumapili moja alasiri akamwita mumewe. Kaka alikuja shingo upande, akakaa kwenye benchi la wateja, akauliza kama itachukua muda.

Mtoto akatokea, mikono ikaanza, lesi ikapita. Na kaka, jamani, akasoma kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari: "Leo! Jino langu limetoka! Nimelitupa juu ya bati! Kuku wa mpishi amenifukuza!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kuku amemfukuza! Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia," wifi alisema. "Ulisema pole."

Kipande kilichofuata, Chiriku alikuwa anaulizwa na mwalimu atamletea nani zawadi akifunga shule. Mtoto akainua vidole viwili kando ya sikio akavichezesha kama mkasi. Lesi ikaandika: Baba.

"Rudisha," kaka akasema. Wifi akarudisha. Vidole kando ya sikio, mkasi, Baba. "Hiyo ya mkasi ndiyo mimi?"

"Ndiyo jina lako. Alikupa mwenyewe akiwa bado anatambaa tambaa mle kibandani."

"Mimi miaka yote nilidhani ananiambia nikanyoe nywele," kaka alisema. Akatoka nje akajifanya anakohoa.

Tukadhani sasa ameshika njia. Jumapili zilizofuata alikuja bila kuitwa, akakaa mbele kabisa, akaomba kila kipande kirudiwe, na tena, na tena. Lakini alikuwa anasoma tu. Macho yako kwenye lesi, mdomo unatangaza. Akimaliza anashukuru, anarudi zake kibandani, hakuna kidole kilichoinuka. Nilichukia, na sikuficha. "Tumemtengenezea gazeti," nilimwambia wifi. "Mtoto anacheza mikono pale, yeye anasoma magazeti."

Tena siku hizo kulikuwa na malalamiko kibandani. Jirani yangu mmoja alirudi kutoka kunyolewa akaniuliza kama kaka anaumwa. "Hasemi," alisema. "Nimekaa pale nasikia mashine tu. Nimeogopa." Nikaenda kuona. Hapakuwa na mteja. Kaka amesimama nyuma ya kiti kitupu, mkasi ameuweka mezani, anajitazama kiooni na kuvinyonganyonga vidole vyake.

"Una nini wewe?"

Akashtuka kama mwizi. "Ganzi," akasema, akivikung'uta. "Kazi ya kusimama hii. Vidole vinakufa ganzi."

Nikamwambia ganzi ya vidole haitokani na kusimama, akamwone daktari. Nikaondoka.

Likizo ikakaribia. Wifi akaamua kushona nguo kubwa: video moja ndefu yenye Chiriku wote, kuanzia yule wa pengo hadi yule wa karakana, na mwisho kabisa lile swali. Wangekaa kuitazama wote watatu, baba na binti bega kwa bega, na swali likitokea, baba amjibu mwanawe usoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa nia yake. Kaka akiongea vizuri, mtoto anaweza kurudi. Akigeuka tu na kusema "Anasemaje?" basi amempoteza, na hata mimi nisingemlaumu binti.

Alifanya kazi kama ana oda ya bi harusi. Siku alipomaliza aliniita nikaitazama yote, na nililia, nasema wazi, nililia kama mtoto. Alihifadhi kazi yake, akahakikisha imehifadhiwa, akafunga akafungua ili ahakikishe tena. Kompyuta ilikuwa imeshamlalamikia kwamba nafasi imejaa. Na wifi, kama kila fundi mwenye adabu, hamkabidhi mteja nguo na vitambaa vikiwa vimetapakaa sakafuni. Akafagia. Vile vipande vyote vilivyobaki kwenye folda, vya tangu mwanzo, akavifuta, akamwaga na pipa la taka la mle ndani. Mashine ikapumua. Na simu alikuwa ameshaisafisha zamani. Nilikuwepo. Nilimsifu kwa usafi.

Chiriku alifika na begi la randa na patasi, amerefuka, ana vumbi la mbao hadi kwenye kope. Alinikumbatia, akanigonga bega, akaniambia kwa mikono jambo refu ambalo nililiitikia kwa kichwa bila kulielewa. Kaka alimpokea kwa kelele zake. Kisha tukaingia chumba cha nyuma, wao wawili kwenye benchi, mimi kwenye robota langu, wifi kwenye kipanya.

Akafungua. Programu ikachukua muda kuliko kawaida, kisha ikaleta kijisanduku chenye orodha ndefu na maneno: faili halipatikani, faili halipatikani, mpaka chini. Wifi akakiondoa kama inzi, akabonyeza kucheza.

Skrini ikawa nyeusi. Chini yake, kwa wakati wake barabara, lesi ikapita: Leo jino langu limetoka.

Akasimamisha, akarudisha mwanzo, akabonyeza tena. Weusi, na lesi. Akampigia Kamera simu, akaiweka sauti ya nje, na sote tukasikia akiulizwa, kwa upole, kama alishatoa video nzima ikawa faili moja, au alikuwa anaichezea mle mle ndani ya programu siku zote.

"Mle mle. Si nimehifadhi?"

"Umehifadhi kazi, mama. Siyo picha. Programu haizimezi zile video, inakumbuka tu kata hapa, unga pale, na zenyewe inazifuata zilipo kwenye folda. Hizo za mwanzo zipo?"

Wifi aliiangalia karatasi yake ya kukatia gauni iliyoning'inia ukutani, ile yenye mistari na vipimo. Nilijua amelielewa kabla sijalielewa mimi. "Nimehifadhi karatasi," akasema taratibu. "Kitambaa nimekichoma." Kamera akasema atakuja kujaribu kuzifukua, ila hakuahidi. Baadaye alivipata vipande vichache, vingine nusu nusu, lakini siku ile hatukulijua hilo. Siku ile tulijua kwamba utoto wote wa Chiriku umekwenda na ufagio, na kwamba mama yake ndiye aliyeushika ufagio huo. Wifi alijifunika uso kwa kanga ya kazi. Chiriku alikuwa anatugeukia mmoja mmoja, anauliza kwa nyusi, hakuna wa kumjibu, maana wa kumjibu ndiye aliyekuwa analia.

Kaka akainuka benchini. Nikadhani anamfuata mkewe. Akaenda kwenye kompyuta, akakitafuta kile kitufe, akabonyeza kucheza, kisha akasimama kando ya skrini nyeusi, akimwelekea binti yake.

Leo jino langu limetoka, lesi ikaandika.

Mikono yake ikapanda. Hakutangaza. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na vidole vyake vizito vikagusa jino, vikaling'oa, vikalirusha juu ya bati. Kuku wa mpishi amenifukuza: akatengeneza mdomo wa kuku kidevuni, mahali ambapo si penyewe kabisa, akamkimbiza kuku huyo mle chumbani kwa mabega. Chiriku akaguna, sauti yake ile ya kooni anayoitoa akishtuka. Lesi ikaenda, na kaka akaenda nayo, shuka kichwani bwenini, uji wa moto, rafiki aliyehama, mbao ya kwanza aliyopiga randa ikapinda. Alikosea. Alichelewa. Lakini hakuna kipande alichokiruka. Yote yale tuliyoyaona Jumapili alikuwa nayo kwenye vidole, na mimi nilimwambia amwone daktari.

Wifi alikuwa ameshusha kanga. "Anatumia kushoto," akaninong'oneza. "Wifi, kaka yako siyo mtu wa mashoto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Amejifunza uso kwa uso na skrini, halafu akafanya mazoezi kibandani kwake, na kinyozi anafanya kazi maisha yake yote na watu wa ndani ya kioo. Mkono wa kulia wa Chiriku ulikuwa upande wake wa kushoto, akaufuata na wake wa kushoto. Alikuwa anamwigiza binti yake mzima mzima, geuza geuza, kama sura ya kiooni. Chiriku naye alishaliona, alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa wakati mmoja, anayafuta kwa mikono yenye vumbi la mbao.

Kisha lesi ikafika mwisho, na hapo kaka akasimama. Kipande cha mwisho hakuwahi kukiona. Ishara zake hakuwa nazo vidoleni. Yalikuwepo maneno matupu tu juu ya weusi, akayasoma kimya, midomo ikitikisika:

Nyumbani naongea na Mama tu. Nikirudi, ni nani mwingine ataongea nami?

Programu iliishia pale, maneno yakabaki yameganda kwenye skrini, feni inakoroma. Chiriku hakucheka tena. Aliyatambua maneno yake, akamtazama baba yake, akangoja. Nilimwona kaka akimtafuta mkewe kwa macho, ule mgeuko wake wa miaka yote, shingo ikaanza kuzunguka, nami nikasema moyoni, sasa ndiyo basi.

Shingo ikarudi. Akainua mkono, vidole viwili, akaviweka kando ya sikio lake akavichezesha. Mkasi. Mkasi. Mkasi.

Chiriku akainuka benchini. Akamwendea, akaushika ule mkono wa kushoto akaushusha, akaubonyeza pajani kwake kwamba ukae hapo. Akauchukua wa kulia, akakunja vidole vinavyotakiwa kukunjwa, akanyoosha viwili, akaupandisha mpaka kando ya sikio la kulia, akauweka sawa kama mtu anayepima mbao. Kisha akarudi nyuma hatua, akamwambia jambo kwa mikono, fupi.

Wifi akafungua mdomo atafsiri. Akaufunga.

Kaka akarudia mkasi wake, kwa mkono wa kulia.